“Mama Alikuwa Fundi”

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimeianza mara nne. Mara tatu za kwanza niliandika kwa mkono nikaishia mstari wa sita. Hii naitamka kwenye simu nayo inaandika, kwa hiyo ukikuta neno limekaa vibaya nisamehe.

Nina miaka 38, na nimekuwa fundi nguo kwa miaka 17. Si fundi wa kubahatisha. Mteja alikuwa akiingia mlangoni, kabla hajafika kwenye kiti nimeshaona kwamba bega lake la kushoto liko chini kuliko la kulia. Kola zangu zilikuwa zinalala zenyewe bila kubembelezwa na pasi. Tundu za vifungo nilizishona kwa mkono, maana za mashine sikuzipenda.

Miaka mitatu iliyopita vidole vilianza kuvimba, mikono yote miwili, kisha vifundo vya mikono. Asubuhi ilikuwa inapita saa nzima na zaidi kabla sijaweza kukunja ngumi. Nikapimwa, nikaambiwa ni baridi yabisi. Nilimwambia daktari huo ni ugonjwa wa bibi yangu, mimi bado. Nikapewa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki. Nimeviacha mara mbili nilipojiona nimepona, na mara zote mbili mambo yalirudi na nguvu mpya.

Sasa kuna siku nakata kitambaa kama zamani, na kuna siku siwezi kufungua kifuniko cha chupa ya maji. Hilo linanichosha kuliko maumivu yenyewe. Ningekuwa nimelemaa moja kwa moja, ningejua nimelemaa. Wateja nao wananiuliza, “Mbona juzi tulikukuta mzima?” Naona kabisa wanafikiri najidekeza. Kijana ninayemfundisha kazi ndiye anayekaa kwenye cherehani yangu siku mbaya. Ana mkono mzuri. Badala ya kufurahi, namkaripia kwa vitu visivyo na maana. Mimi sikuwa mtu wa kukaripia. Mume wangu akinifunga vifungo vya blauzi nageukia ukutani asinione uso.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Binti yangu ana miaka 11. Alileta fomu ya shule yenye nafasi ya kujaza kazi ya mzazi. Akajaza mwenyewe, kwa ule mwandiko wake wa polepole: “Mama alikuwa fundi nguo.” Hakuwa na ubaya, aliandika anachokiona. Niliingia bafuni nikafungulia maji ili asinisikie.

Shangazi, mimi ni fundi au nilikuwa fundi? Na huyu mkali aliyevaa nguo zangu ni nani? Yule wa zamani nitampata lini?

Ni mimi, Fundi (sijui kama niongeze “wa zamani”)

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimesomewa mara mbili. Nimesomewa kwa sababu ilinikuta asubuhi, vidole vyangu vikiwa bado ndani ya maji ya uvuguvugu vikisubiri kukubali kukunjika. Mimi pia ni mtu wa baridi yabisi, huu ni mwaka wa 19. Wasomaji wa siku nyingi wanalijua hilo, wewe pengine hukulijua.

Niruhusu nianze na vidonge, maana hapo sina upole. Umeviacha mara mbili ulipojiona umepona. Mwanangu, ulijiona umepona kwa sababu vilikuwa vinafanya kazi. Katika ugonjwa wetu kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka ikaushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Utando huo huvimba, hunenepa, na ukiachwa hivyo miezi na miaka hula gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, na mfupa ulio karibu nao. Uvimbe hutulizwa. Mfupa ulioliwa haurudi. Kama dawa yako ni methotreksati, ambayo ndiyo wengi wetu huanzishiwa, huchukua wiki 6 hadi 12 kabla hujaona tofauti ya maana, na ukiikatiza uvimbe hupata nafasi ya kurudi. Humezwa siku moja tu ya wiki, siku ile ile. Kuna watu waliokufa kwa kuimeza kila siku kwa makosa, kwa hiyo iandike siku hiyo pahali unapopaona. Damu hupimwa mara kwa mara kuangalia ini na chembechembe za damu, na asidi ya foliki, aina ya vitamini, hutolewa kupunguza madhara. Mwanamke anayefikiria kushika mimba lazima aongee na daktari mapema kabisa, maana dawa hiyo humdhuru mtoto tumboni. Kama ilikuwa inakuchafua tumbo na ndiyo sababu ukaiacha, sema. Kipimo hubadilishwa, ipo ya sindano, na zipo dawa nyingine. Usiondoke kimyakimya.

Nasema hivi kwa sababu mimi nililipa. Miaka miwili ya mwanzo nilijitibu kwa dawa za maumivu peke yake nikajificha. Maumivu yalipungua, uvimbe ukaendelea na kazi yake. Leo vidole vinne vya mkono wangu wa kulia vimelalia upande wa nje kama nyasi zilizozoea upepo wa upande mmoja, na hakuna kidonge cha kuvisimamisha. Wewe uko mwaka wa tatu. Huyo wa zamani unayemlilia, sehemu yake bado ipo chini ya uvimbe, na uvimbe una daktari wake. Nenda kwake kwanza. Mengine nitakayokuambia hayatakaa sawa kama hilo halijafanyika.

Na kuhusu bibi yako: ugonjwa huu mara nyingi huanza kati ya miaka 30 na 60, na huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Hukuzeeka ghafla. Hiyo ndiyo rika yake.

Sasa huyo mkali. Hapa nitakwenda polepole, kwa sababu najua unamwogopa kuliko vidole. Kemikali zile zile ambazo kinga ya mwili huzimwaga kwenye viungo huzunguka mwili mzima, na kazi yake mojawapo ni kuleta uchovu. Uchovu wetu si ule wa mtu aliyefanya kazi akalala akaamka. Unaamka nao. Mtu aliyebeba mzigo huo tangu alfajiri, halafu akaona mkono wa kijana wa watu ukifanya kwa urahisi kile ambacho wake umekataa, atakaripia. Simtetei, namweleza tu. Ila kuna jambo nataka uliulize moyo wako kwa ukweli: je, siku ambazo mikono ni mizuri, furaha hurudi? Kama hairudi hata siku hizo, kama usingizi umekimbia, kama vitu ulivyovipenda vimekuwa kama vya mtu mwingine kwa wiki mbili na zaidi, hiyo yaweza kuwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Huwapata watu wenye baridi yabisi zaidi kuliko watu wengine, na ina tiba yake. Mtajie daktari siku hiyo hiyo utakayokwenda kwa ajili ya vidonge. Usiiache iwe ya safari nyingine.

Turudi kwenye swali lako lenyewe, maana hayo yote nimeyapitia nikijua kwamba siyo yaliyokupeleka bafuni.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilijulikana kwa mwandiko. Vyeti vyote vya shule niliviandika mimi, kwa wino, na wazazi waliviweka kwenye fremu kwa sababu ya majina yalivyokaa. Mkono ulipoanza kukataa niliandika ubaoni taratibu, herufi moja moja, nikidhani watoto hawatagundua. Siku moja mtoto wa darasa la tatu akautazama ubao, akauliza, “Mwalimu, leo nani ametuandikia?”

Nilimjibu, “Mgeni.”

Nilikaa na huyo mgeni miaka. Nilikuwa nasubiri aondoke ili mwenye nyumba arudi. Katika kusubiri nilikataa mambo mengi: nilikataa kufundisha kwa mdomo watoto wakaandika wenyewe, nilikataa msaada wa mwalimu mwenzangu, nilikataa hata kalamu nene niliyoletewa, kwa sababu kukubali kimoja kati ya hivyo kungekuwa kumpa mgeni chumba. Leo nikikumbuka, ile miaka ndiyo inayoniuma kuliko mwandiko. Mwandiko ulichukuliwa na ugonjwa. Miaka niliitoa mwenyewe.

Haya tunayoyapitia yameandikwa na watu wazima wenye elimu yao. Mwaka 1982 mwanasosholojia wa Uingereza, Michael Bury, alichapisha makala kutokana na mazungumzo na watu 30 wenye baridi yabisi, ugonjwa wetu huu huu, wakiwa ndiyo kwanza wamefika kwa wataalamu. Aliona kwamba kinachovunjika kwao si mwili tu. Ni hadithi ya maisha ambayo mtu alikuwa akijisimulia bila kujua anaisimulia. Nitafanya hiki, kisha kile, watoto watakua, mimi nitakuwa hivi. Mwaka uliofuata Mmarekani Kathy Charmaz aliandika juu ya wagonjwa wa muda mrefu kwamba hupoteza nafsi waliyoizoea kabla hawajapata nyingine ya kuithamini kama ile. Alitaja njia zinazoleta hasara hiyo: maisha kubanwa, kubaki peke yako, kuvunjiwa heshima, na kujiona mzigo. Soma tena barua yako. Mteja anayesema “juzi ulikuwa mzima” anakuvunjia heshima bila kujua. Vifungo vya blauzi na ule ukuta ndio kujiona mzigo. Nakutajia hayo ili ujue kwamba hujaharibika tabia. Umefika pahali ambapo watu wengi wamefika, na njia yake inajulikana.

Ila kuna kitu umekisema wewe vizuri zaidi kuliko wasomi: “Ningekuwa nimelemaa moja kwa moja, ningejua.” Aliyepoteza kitu mara moja hulia, kisha hupanga upya. Sisi tunarudishiwa mkono Jumanne na kunyang’anywa Alhamisi. Kilio hakiishi kwa sababu kila siku nzuri inakudanganya kwamba hakikuwa na sababu. Nilichojifunza, na nilichelewa, ni kuacha kuitumia siku nzuri kama mtihani. Nilikuwa nikiamka na mkono mwepesi naandika kurasa kumi ili nijithibitishie, kesho yake nimelala. Sasa naandika ukurasa mmoja, kwa wino, kwa raha yangu, naacha nikiwa bado nataka. Wewe siku hiyo kata nguo moja, acha ya pili. Itakuuma. Utaizoea.

Sasa, ni fundi au ulikuwa fundi? Niruhusu nirudi darasani kidogo. Binti yako alikuwa na viambishi viwili kichwani: “-na-” na “-li-”. Hakukuona unashona wiki ile, kwa hiyo “-na-” haikumfaa, akachukua “-li-”. Kiswahili kina “hu-”. Mama hushona. “Hu-” haidai kwamba sindano iko mkononi saa hii, wala haikuulizi uliamkaje. Inataja mazoea, kitu ambacho ni chako hata kikipumzika. Nimewasahihisha watoto viambishi maisha yangu yote, na sikuwahi kufikiri kwamba kimoja kitanisaidia mimi, mpaka niliposomewa barua yako.

Na tazama ulivyojieleza mwenyewe. Jambo la kwanza ulilojisifia ni bega la kushoto lililo chini kuliko la kulia. Hilo linaonwa na jicho. Kola na tundu za vifungo zilikuja baadaye. Jicho lako halijavimba.

Kuna mchoraji wa Ufaransa, Pierre-Auguste Renoir. Baba yake alikuwa fundi nguo, mama yake mshonaji, kwa hiyo ni mtu wa kwenu. Baridi yabisi ilimshika akiwa na miaka kama 50, ikamkunja mikono, ikamweka kwenye kiti cha magurudumu. Alichora mpaka alipofariki mwaka 1919, akiwekewa brashi vidoleni. Watu hutuletea habari zake ili tuone aibu ya kulalamika, nami sipendi atumiwe hivyo; alikuwa na watu wa kumbeba, kumfunga vitambaa mikononi na kumwandalia rangi. Ninachokipenda kwake ni kingine. Kuanzia mwaka 1913 alitengeneza sanamu, kazi ambayo mikono yake haikuiweza hata kidogo. Alimpata kijana, Richard Guino. Mzee anaelekeza, kijana anafinyanga udongo, mzee anasema ongeza hapa, punguza pale. Sanamu zikaitwa za Renoir. Miaka mingi baadaye Guino akadai haki yake, na mwaka 1973 mahakama ya juu ya Ufaransa ikathibitisha kwamba naye ni mtunzi wa sanamu zile. Wawili.

Nataka uyachukue yote mawili katika habari hiyo. Nguo iliyopimwa na jicho lako, ikakatwa kwa chaki yako, ikashonwa na kijana ukiwa umesimama nyuma yake, ni nguo yako. Na ni ya kijana pia, kwa hiyo mtaje. Mteja akija kuichukua mwambie, “Nimeipima mimi, ameishona huyu.” Nadhani, na hapa nabahatisha kwa kukusoma tu, kwamba unamkaripia kwa sababu mmekuwa mkificha. Yeye anaficha kwamba anashona, wewe unaficha kwamba hushoni. Mwombe radhi kwanza, bila maelezo marefu. Kisha mfundishe tundu za vifungo za mkono. Umfundishe kwa maneno. Utashangaa ni mangapi vidole vyako vilikuwa vikiyajua ambayo hukuwahi kuyapa majina.

Wateja hawastahili historia yako yote. “Nina baridi yabisi, kuna siku mikono inagoma, ndiyo maana natoa tarehe ya mbali kidogo.” Inatosha. Anayetaka nguo atasubiri, na atakayekwenda kwingine atakwenda. Mwombe daktari pia akuelekeze kwa mtaalamu wa tiba kazi. Hao wanajua mikasi inayojifungua yenyewe kwa springi, mipini minene, vigango vya kupumzishia vifundo usiku. Vitu vidogo, lakini mimi kalamu nene niliyoikataa miaka ile ndiyo ninayoandikia sasa.

Kuhusu vifungo vya blauzi. Mume wako anakufunga, wewe unatazama ukuta, naye anautazama mgongo wako bila kujua kama anakuumiza au anakusaidia. Sikuambii ufurahi kuvishwa. Kesho asubuhi geuka tu, hata kama uso una machozi, umwambie ni kipi unataka akifunge na kipi unataka ujaribu mwenyewe. Mimi kwangu ni cha juu kabisa. Nakifunga mwenyewe hata kikichukua dakika kumi, na kila mtu nyumbani anajua kusubiri.

Binti usimsahihishe fomu. Iende ilivyo. Mtoto wa miaka 11 anaona mama anabadilika na hana habari kamili, kwa hiyo anajaza mwenyewe nafasi iliyo wazi. Mpe habari: jina la ugonjwa, kwamba haukutokana na kosa la mtu yeyote, kwamba hauambukizi, kwamba kuna dawa, na kwamba siku ya mkono mzuri na siku ya mkono mbaya zote ni za mama yule yule. Halafu mteja mwingine akija, mpe yeye daftari la vipimo. Wewe shika futi, soma namba kwa sauti, aandike. Bega lililo chini mtajie tu kwamba lipo kabla hujalipima, umwache alitafute kwa macho.

Jina lako umelitia shaka kwenye mabano na nimelichapisha kama lilivyokuja, sina ruhusa ya kulifuta. Ukishaonana na daktari niandikie, uniambie damu imesema nini na kijana amefika wapi kwenye tundu za vifungo. Mkono ukigoma siku hiyo, mpe binti kalamu umsomee maneno. Nitautambua mwandiko wake.

Shangazi